Mpira Urudi Lini? Somo la Ruangwa kwa Kilimarondo

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa michezo kwa siku 30. Ligi Kuu ikasimama, Ligi Daraja la Kwanza na la Pili zikasimama, na michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikaingia kwenye katazo hilohilo. Aliyetoa tangazo alikuwa pia mbunge wa Ruangwa, na msimu huo wilaya yake ilikuwa na timu Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Namungo FC ilikuwa imepanda daraja mwaka 2019, ilikuwa inacheza nyumbani kwenye uwanja unaoitwa Majaliwa, na tayari ilikuwa inawasumbua vigogo.

Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likirudi kila ugonjwa wa mlipuko unapotajwa: je, michezo ya mashindano iendelee au isubiri mpaka ugonjwa uishe? Wengi hulijibu kwa moyo. Mpenda mpira anasema irudi, mwenye mgonjwa nyumbani anasema isirudi. Naamini jibu zuri linapatikana ukilitazama swali kutoka sehemu mbili zinazopakana. Ya kwanza ni Ruangwa, yenye timu ya Ligi Kuu, kamera za televisheni na basi la wachezaji. Ya pili ni Kilimarondo, upande wa magharibi wa Wilaya ya Nachingwea, ambako barabara ni ya vumbi, kiwanja hakina uzio, na kombe la kata huchezwa na vijana waliotoka shambani asubuhi hiyohiyo. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya Ruangwa haiwezi kuhamishiwa Kilimarondo kama ilivyo.

Jinsi Afrika Mashariki ilivyogawanyika

Nchi za ukanda huu zilikutana na ugonjwa mmoja na zikaamua tofauti kabisa. Kenya ilifunga hesabu mapema: mwishoni mwa Aprili 2020 shirikisho la soka lilimaliza msimu na kuitangaza Gor Mahia bingwa, uamuzi ulioibua mgogoro. Mwezi Mei Uganda ikafanya hivyo na Vipers ikapewa ubingwa, kisha Rwanda ikaipa APR. Burundi ilikuwa kinyume chao. Ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana duniani zilizoendelea kucheza ligi mpaka Aprili, wakati karibu Ulaya nzima imefunga viwanja.

Tanzania ilishika njia ya katikati. Mei 21, 2020, Rais John Magufuli alitangaza kwamba vyuo, kidato cha sita na michezo virejee kuanzia Juni 1. Hoja yake ilikuwa kwamba mazoezi ni kinga na kwamba wanamichezo hawakuonekana kuugua kama wengine. Waziri mwenye dhamana ya michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, alianza na mpango wa kuzikusanya timu kwenye vituo viwili. Ligi Kuu ingechezwa yote Dar es Salaam, na madaraja ya chini yangekwenda Mwanza. Klabu za mikoani zililalamika, mpango ukabadilishwa, na timu zikaruhusiwa kucheza nyumbani na ugenini kama kawaida. Juni 13 mpira ukarudi, Yanga wakishinda ugenini Shinyanga dhidi ya Mwadui.

Mpango ule wa vituo ulikuwa na mantiki nzuri ya kitabibu. Ujerumani, iliyokuwa ya kwanza kati ya ligi kubwa za Ulaya kurejea, ilianza Mei 16 bila mashabiki na kwa kupima wachezaji mara kwa mara. Marekani iliwafungia wachezaji wa mpira wa kikapu mahali pamoja Florida mpaka bingwa akapatikana. Kote huko msingi ulikuwa mmoja, kupunguza safari na kupunguza watu wasiojulikana hali zao. Sisi tulipoacha vituo tulirudisha safari za Mbeya, Bukoba, Tanga na Ruangwa, na hatukuweka kitu kingine mahali pa kinga iliyoondolewa.

Kwa nini irudi

Wanaotetea kurejea kwa michezo wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wasiojali uhai.

Hoja ya kwanza ni riziki. Timu ndogo ya mkoani haina akiba ya benki. Mapato ya mlangoni, udhamini na haki za matangazo vikikatika, mchezaji wa akiba ndiye wa kwanza kukosa mshahara. Nje ya klabu kuna msururu mwingine. Ruangwa siku ya mechi ya Simba au Yanga nyumba za wageni hujaa, mama lishe hupika sufuria mara mbili, bodaboda hupiga safari tangu asubuhi, na kijana anayeuza jezi barabarani hupata hela ambayo kwa kawaida angeisubiri hadi mnada wa ufuta. Siku hiyo ikifutwa, hakuna anayewafidia.

Hoja ya pili ni haki ya uwanjani. Namungo ni mfano wa wazi kuliko wote. Kama Tanzania ingefunga msimu kama jirani zetu, timu ile isingepata nafasi ya kukamilisha ilichokianza. Ligi iliporejea ilimaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, kwenye msimu wake wa kwanza kabisa. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Agosti 2, 2020 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, na ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika iliangukia Ruangwa. Wilaya iliyojulikana kwa ufuta, korosho na mbaazi ikaingia kwenye ramani ya soka la bara zima. Haya yote yaliletwa na mechi zilizochezwa baada ya Juni 13.

Hoja ya tatu ni mwili na akili. Kijana aliyefungiwa nyumbani bila shule na bila mazoezi hakai salama kwa sababu tu hayuko uwanjani. Hutafuta cha kufanya, na mara nyingi anachokipata ni kibaya kuliko mpira. Mwalimu yeyote wa michezo wa shule ya kata anajua kwamba saa mbili za mazoezi jioni humweka mtoto karibu na mtu mzima anayemwangalia.

Na kuna furaha. Julai 8, 2020, Simba walicheza na Namungo kwenye Uwanja wa Majaliwa, mechi ikaisha 0-0, na kombe la ubingwa wa Tanzania Bara likakabidhiwa palepale Ruangwa. Watoto ambao walizoea kuliona kombe lile kwenye luninga tu waliliona likinyanyuliwa mbele yao. Anayedhani furaha ya namna hiyo ni kitu kidogo kwa wilaya ya pembezoni hajaishi pembezoni.

Hatari inakaa wapi

Kosa kubwa katika mjadala huu ni kuuhesabu mchezo kama kitu kimoja. Mchezo una sehemu nyingi, na kila sehemu ina hatari yake.

Sehemu ya kwanza ni uwanja wenyewe. Virusi vya korona husambaa zaidi kwa hewa tunayopumuliana, na hewa ya wazi huvitawanya. Wachezaji 22 wanaokimbizana kwenye kiwanja chenye upepo hukaribiana kwa sekunde chache, kisha huachana. Hatari ipo, lakini ni ndogo kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ndondi, mieleka na mchezo wowote wa ukumbini ni habari nyingine.

Sehemu ya pili ni pembezoni mwa uwanja. Tazama mechi yoyote ya kijijini wakati wa mapumziko. Timu inakaa chini ya mkorosho, mabega yamegusana, kocha anafoka, na ndoo ya maji inawekwa katikati. Kopo ni moja. Mlinda mlango anakunywa, anampa beki, beki anampa winga, na kopo linazunguka mpaka linarudi kwa mwenye ndoo. Kisha wanavua jezi na kuwavalisha wanaoingia, kwa sababu seti ni moja na wachezaji wa akiba hawana za kwao. Dakika 15 za mapumziko zina ukaribu mwingi kuliko dakika 45 za kucheza.

Sehemu ya tatu ni safari. Timu ya kijiji haina basi. Hupanda nyuma ya lori au pikapu, wachezaji na mashabiki pamoja, wakiimba kwa sauti ya juu kwenda na kurudi. Kuimba kwa nguvu huku mmebanana ni njia ya uhakika ya kugawana pumzi. Timu ya Ligi Kuu ina basi lenye viyoyozi, lakini madirisha yake hayafunguki na safari yake yaweza kuwa ya saa kumi na zaidi.

Sehemu ya nne ni jukwaa. Februari 19, 2020, kabla Ulaya haijashtuka, Atalanta ya Bergamo ilicheza na Valencia jijini Milan mbele ya maelfu ya mashabiki waliosafiri kutoka Bergamo. Wiki chache baadaye Bergamo ikawa kitovu cha vifo vya korona Italia, na meya wake mwenyewe aliitaja mechi ile kama mojawapo ya mambo yaliyousambaza ugonjwa. Machi 11, Liverpool iliwapokea Atlético Madrid pamoja na mashabiki wapatao 3,000 kutoka Hispania, wakati viwanja vya Madrid vimeshafungwa kwa watazamaji. Wachezaji uwanjani hawakuwa tatizo kubwa la mechi zile. Tatizo lilikuwa watu waliosafiri, walioingia kwenye vilabu vya pombe, waliokumbatiana bao lilipoingia.

Sehemu ya tano haitajwi kwenye miongozo ya kimataifa, kwa kuwa waandishi wake hawaijui, nayo ni kibanda umiza. Kwenye vijiji vyetu watazamaji wengi wa Ligi Kuu hawajawahi kukanyaga uwanja wa Ligi Kuu. Wanaangalia mechi kwenye chumba cha mabati kilichozibwa mwanga ili picha ionekane, mabenchi yamesogezwa mpaka ukutani, na kiingilio ni sarafu. Hakuna dirisha. Bao likiingia chumba kizima husimama na kupiga kelele kwa pumzi moja. Ukifunga uwanja wa Dar es Salaam kwa mashabiki bila kufikiria vibanda, umewatoa watu kwenye hewa ya wazi na kuwaingiza kwenye chumba kisicho na hewa, katika maelfu ya vijiji ambavyo havina zahanati ya kutosha. Kanuni ya kuzuia watazamaji inayofaa Ujerumani inaweza kuleta madhara zaidi Kilimarondo kuliko faida.

Miongozo ya serikali yetu mwaka 2020 ilitaja kunawa mikono, barakoa na kukaa umbali wa mita moja viwanjani. Ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Wakati watani wa jadi, Simba na Yanga, walipokutana kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Julai 12, mita moja haikuwapo majukwaani. Mwaka uliofuata, Julai 25, 2021, Simba na Yanga walicheza fainali ya kombe hilo Kigoma, katikati ya wimbi la tatu, siku tatu kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajachanjwa hadharani kuzindua chanjo nchini. Mechi ilichezwa na watu walijaa.

Luanda: gharama ya kutojua

Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona mapema Mei 2020, wakati wagonjwa waliotangazwa walikuwa 509 na vifo 21. Kwa hiyo michezo ilirejea bila mtu yeyote kuweza kuonesha ugonjwa unapanda au unashuka. Nasema hili nikiwa naamini kwamba kuruhusu mpira Juni kungeweza kutetewa. Lakini uamuzi unaotetewa kwa takwimu na uamuzi unaotegemea imani ni vitu viwili tofauti, hata kama tarehe ni ileile, kwa sababu wa kwanza unaweza kusahihishwa mambo yakibadilika, na wa pili hauna kipimo cha kuusahihisha.

Deni la kutojua lilidaiwa Februari 2021, na aliyedaiwa alikuwa Namungo. Timu ilisafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Angola ilikuwa inapima kila anayeingia. Baadhi ya watu kwenye msafara walikutwa na maambukizi, mamlaka za huko zikataka msafara uwekwe karantini, na mechi haikuchezwa. Zikafuata siku za mvutano baina ya klabu, mashirikisho na serikali. Mwishowe shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda 6-2 Februari 21 pale Chamazi, wakafungwa 3-1 siku nne baadaye, na wakasonga kwa jumla ya mabao 7-5 hadi hatua ya makundi, ambako walikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana na hawakupata pointi hata moja.

Kimichezo hadithi iliisha kwa heshima. Kiafya ilikuwa somo gumu. Wiki ileile ya mvutano wa Luanda nchi ilimzika Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyefariki Februari 17 baada ya chama chake kutangaza kwamba ana korona. Na Jumapili ileile Namungo walipofunga mabao sita, Rais Magufuli aliwataka Watanzania wachukue tahadhari na wavae barakoa zilizotengenezwa nchini. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Safari hii aliyetuumbua alikuwa ofisa wa afya kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine, na waliobeba aibu walikuwa vijana waliotumwa kucheza mpira. Wao hawakuamua kuacha kupima. Walikuwa watu wa mwisho kwenye mnyororo wa maamuzi na wa kwanza kulipa.

Mfano mwingine unatoka kwa ndugu zetu wa Komoro. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2022, korona iliwakumba makipa wao kabla ya mechi na wenyeji Januari 24. Kipa Ali Ahamada alipimwa na kukutwa hana tena virusi, lakini kanuni ilimtaka akae nje siku tano. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu, na timu yenye kadi nyekundu tangu dakika ya saba ikafungwa 2-1 tu. Wengi waliona kanuni ile ni katili. Mimi naiona tofauti: iliumiza, lakini ilikuwa imeandikwa, ilijulikana, na ilitegemea kipimo. Timu ingeweza kubishana nayo kwa hoja. Usiku huohuo, nje ya Uwanja wa Olembe, watu wanane walikufa kwenye msongamano langoni. Walioandaa mechi walikuwa makini na virusi, mlango ukawashinda. Kurejesha michezo wakati wa janga hakumwondolei mwandaaji wajibu wake wa zamani.

Kilimarondo ina kalenda yake

Sasa twende kwenye kata. Amri ya Machi 2020 ilikuta wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wakiwa kwenye mvua na palizi. Mpira wa vijijini huko hushika kasi baada ya mavuno, kuanzia Juni, wakati ufuta unauzwa, njia zimekauka na vijana wana nafasi. Kwa hiyo katazo hilo, lililorefushwa hadi mwisho wa Mei, halikuugusa sana mpira wa kata. Lililowagusa watoto ni kufutwa kwa michezo ya shule, maana ndiyo mlango pekee wa kipaji kutoka Kilimarondo kuonekana nje ya wilaya. UMITASHUMTA na UMISSETA zilipofanyika tena mwaka 2021, zilifanyika Mtwara, mlangoni kwetu kabisa, lakini aliyekuwa darasa la saba mwaka 2020 alikuwa ameshapoteza nafasi yake.

Na mpira ulipoanza Juni ulikuwa mmoja tu kati ya mikusanyiko mingi. Baada ya mavuno ndipo jando na unyago vinapofanyika, harusi zinapofungwa, na minada ya mazao inapojaza watu ghalani. Mwaka 2020 ulikuwa pia wa uchaguzi, na kuanzia Agosti hadi Oktoba viwanja vilevile vya mpira vilikuwa vya kampeni. Huwezi kumwambia kijana wa Kilimarondo asicheze mechi ya watu mia wakati juzi alisimama kwenye mkutano wa maelfu. Kanuni ya afya inayowabana wacheza mpira na kuwaachia wanasiasa hupoteza heshima, na ikishapoteza heshima haitafuatwa hata siku itakapohitajika kweli.

Upande wa pili, Kilimarondo ina udhaifu ambao Dar es Salaam haina. Sampuli ya mgonjwa kutoka Nachingwea ilibidi isafiri zaidi ya kilometa 400 hadi maabara ya taifa Dar es Salaam. Mgonjwa anayehitaji oksijeni lazima atoke kijijini hadi hospitali ya wilaya, na masika barabara hiyo haiaminiki. Mchezaji wa miaka 20 aliyeambukizwa anaweza asijisikie chochote, lakini usiku hurudi kwenye nyumba ambayo bibi na babu wanalala chumba cha pili, na wajukuu wanakula nao sahani moja. Mpira wa kijijini kwa hiyo una hatari ndogo wakati wa kuchezwa na gharama kubwa ya kosa likitokea. Anayeutungia kanuni lazima azishike zote mbili.

Ugonjwa gani?

Jambo jingine tunalolisahau ni kwamba janga lijalo huenda lisifanane na korona. Machi 2023 Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg. Ugonjwa huo, kama Ebola, huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Hapo kukaa mita moja jukwaani hakuna maana kubwa kama kumzuia mwenye homa asiingie uwanjani na kutowagusa waliofariki. Hofu ya Ebola ndiyo iliyoifanya Morocco iombe kuahirisha Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. CAF ilikataa, ikalihamishia Guinea ya Ikweta, na mashindano yakachezwa. Kipindupindu nacho hakijali nani amekaa karibu na nani. Chenyewe hutafuta maji ya ndoo, vyoo na chakula cha kambi ya timu. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufunga au kufungua uwanja liwe hili: ugonjwa huu unapitia wapi? Ukilijua hilo unajua ufunge nini. Usipolijua utafunga kila kitu kwa hofu, au utafungua kila kitu kwa ushujaa wa mdomo.

Mpangilio uliogeuzwa

Nchi nyingi zilirejesha michezo kwa mpangilio mmoja: ligi kubwa kwanza, kisha madaraja ya chini, shule na vijiji mwisho. Sababu ni fedha na shinikizo. Mahali penye vipimo vya kutosha, kama Ujerumani, mpangilio huo una mantiki, maana ligi kubwa ndiyo yenye uwezo wa kujilinda. Mahali pasipo na vipimo, mantiki hiyo inaanguka. Ligi isiyopima inasafirisha watu nchi nzima, inajaza majukwaa, na inajaza vibanda umiza mpaka kijiji cha mwisho, na hakuna ajuaye nini kimebebwa kwenda wapi.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye nchi yenye vipimo vichache, michezo irejee kuanzia chini kwenda juu. Kwanza mazoezi na mechi za kijiji kwa kijiji ndani ya kata, ambako watu wanachangia visima, soko na msikiti tayari, na mechi haiwaletei mgeni. Mchezaji aje na chupa au kikombe chake. Timu zitembee kwa miguu au kwa baiskeli badala ya lori la nyimbo. Mapumziko yawe wazi, wachezaji wametawanyika. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, na nafasi yake kwenye timu isipotee, kwa sababu kijana akijua atapoteza namba ataficha homa. Kisha yafuate mashindano ya wilaya, pale ambapo zahanati na vituo vya afya vinatoa taarifa kila wiki na taarifa hizo zinabandikwa kwenye ofisi ya kata kila mtu azione. Ligi Kuu irudi wakati timu zinapimwa kabla ya kusafiri, na kama hilo haliwezekani, irudi kwa vituo kama ulivyokuwa mpango wa kwanza wa 2020, huku klabu za mikoani zikifidiwa mapato ya mlangoni.

Kuhusu vibanda umiza, kuvifunga hakutafanikiwa. Mamlaka za vijiji zikubaliane na wenye vibanda watoe luninga nje jioni, au wabomoe ukuta mmoja na kuweka turubai la kukunja, na wapunguze mabenchi. Mechi za mchana zinaweza kusogezwa hadi usiku ili picha ionekane vizuri nje. Haya ni mambo ambayo mtendaji wa kijiji na mwenye kibanda wanaweza kuyamaliza kwa kikao kimoja, bila fedha za wafadhili.

Wapo watakaosema mpango wa namna hii unawaumiza wachezaji wa kulipwa kwa kuwachelewesha. Ni kweli, na ndiyo maana fidia iwe sehemu ya mpango tangu mwanzo, isiwe ahadi ya baadaye. Wengine watasema vijiji havifuati masharti. Vijiji vya kusini vinafuata masharti makali zaidi kuliko haya kila msimu wa jando, yanapotoka kwa watu wanaowaheshimu na wanapojua sababu yake. Vinachokataa ni amri isiyo na maelezo.

Hayo yanatupeleka kwenye sharti ambalo bila hilo mengine yote hayafanyi kazi: wananchi waambiwe ukweli kuhusu ugonjwa, kwa tarakimu, mapema na mara kwa mara. Namungo walifika Luanda wakiwa wamevaa rangi za nchi ambayo ilikuwa imeacha kujihesabu, na hakuna kipaji cha uwanjani kinachoweza kuziba pengo hilo. Serikali, shirikisho la soka (TFF) na halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zinao muda sasa, wakati hakuna janga, wa kukaa na walimu wa michezo, wahudumu wa afya wa vijiji na wenye viwanja, na kuandika mwongozo wa kata ambao utatolewa kabatini siku ugonjwa utakapotangazwa. Wakiuandika leo, siku hiyo ikifika mtoto wa Kilimarondo hatalazimika kuchagua kati ya kucheza na kumlinda bibi yake.